Betsy Ross, mshonaji wa bendera

Katika historia ya kwetu Wamaza, huku Kasongo na Kabambare, bendera hutajwa pamoja na mwanaume aliyeileta. Mwaka 1887 Tippu Tip alipatana na Stanley kupandisha bendera ya Leopold, ya buluu yenye nyota moja ya dhahabu. Mwaka 1893 askari wa Dhanis wakaiteka Kasongo chini ya nyota hiyohiyo. Aliyeishona sijawahi kumsikia akitajwa. Ndiyo sababu nimependa kuandika juu ya mwanamke wa mbali, ambaye jina lake na bendera ya nchi yake haviachani.

Elizabeth Griscom, aliyeitwa Betsy, alizaliwa tarehe 1 Januari 1752 katika familia ya watoto 17. Wazazi wake walikuwa Quaker, Wakristo wanaokataa vita. Alijifunza kazi kwa fundi mmoja wa Philadelphia aliyeshona mapazia na magodoro na kuvika viti nguo. Hapo akampenda mwanafunzi mwenzake wa ufundi, John Ross, aliyekuwa Mwanglikana. Walioana kwa kutoroka mwaka 1773, na watu wa dini yake wakamtenga. Wakafungua karakana yao wenyewe. Januari 1776 John akafariki, na Betsy akabaki mjane wa miaka 24 mwenye sindano, mkasi na wateja wachache, huku makoloni 13 yakipigana na Uingereza.

Hapa ndipo inapoingia hadithi inayosimuliwa mashuleni Marekani. Inasemekana George Washington alifika kwake na wenzake wawili wakiwa na mchoro wa bendera. Nyota zake zilikuwa na ncha sita; Betsy akakunja, akakata mara moja tu, ikatokea nyota ya ncha tano. Hadithi hii ilitangazwa hadharani na mjukuu wake, William Canby, mwaka 1870, na hakuna hati ya wakati wa vita inayoithibitisha. Mtu mwingine, Francis Hopkinson, alidai mwaka 1780 kwamba yeye ndiye aliyebuni bendera, akaomba alipwe pipa dogo la mvinyo. Hakupewa.

Sisi tunaokusanya masimulizi ya wazee hatuwezi kuitupa simulizi ya mjukuu kwa sababu tu haikuandikwa mapema. Lakini naona ndani yake kitu ambacho familia isingekuwa na haja ya kukitunga: ule mkato mmoja wa mkasi. Hiyo ni habari ya fundi. Ziara ya jenerali ni habari ya watu wanaopenda majenerali.

Na hati ipo, ila ya jambo jingine. Tarehe 29 Mei 1777 aliandikiwa malipo ya pauni 14, shilingi 12 na peni 2 kwa bendera za merikebu za Pennsylvania. Tarehe 14 Juni Kongresi ikaamua bendera ya nchi iwe na mistari 13 na nyota 13. Kesho yake Betsy akaolewa na baharia, Joseph Ashburn.

Ndoa hiyo nayo ilimezwa na vita. Waingereza walimkamata Ashburn baharini, akafia gerezani Plymouth mwaka 1782. Aliyemletea mjane habari ni John Claypoole, mfungwa mwenzake marehemu, na mwaka 1783 Betsy akaolewa naye. Kwa waume wawili hawa alizaa mabinti saba. Claypoole aliugua kwa miaka mingi kabla ya kufa mwaka 1817, na karakana ikaendelea kuilisha nyumba. Bendera zake zilinunuliwa pia na jeshi la serikali mpya.

Alishona hadi alipopita miaka 70. Macho yakafifia, akaacha kazi kwa binti yake Clarissa, ambaye naye aliendelea kuuza bendera. Betsy alifariki tarehe 30 Januari 1836, akiwa na miaka 84, miaka 34 kabla mjukuu hajasimama kusimulia.