The Sheik: Mkristo wa Michigan aliyetandika mswala ulingoni

Vijana wetu wanaokesha mbele ya televisheni kutazama mieleka ya Marekani wanawajua akina John Cena na The Rock kuliko wanavyowajua wajomba zao. Ukiwatajia The Sheik watadhani unamsema yule Muirani mwenye masharubu aliyeshindwa na Hulk Hogan mwezi Januari 1984. Siye. Huyo aliitwa The Iron Sheik, naye alifariki mwaka 2023. Tunayemzungumzia leo ni Sheik wa kwanza, aliyemtangulia kwa zaidi ya miaka 20, na ambaye kwa kiasi kikubwa ndiye aliyewazoesha Wamarekani kumzomea mtu anayeswali.

Jina lake halisi ni Edward Farhat. Alizaliwa katikati ya miaka ya 1920 katika mji wa Lansing, jimbo la Michigan, kwa wazazi waliohamia Marekani kutoka Lebanon. Familia ilikuwa kubwa, na ilikuwa ya Kikristo. Hilo msomaji alishike, kwa sababu ndilo jambo lenyewe. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliingia katika jeshi la Marekani kama vijana wengine wa rika lake, na aliporudi alianza mieleka mwishoni mwa miaka ya 1940.

Kwa wasioujua mchezo huu, inafaa kueleza kidogo. Mieleka ya kulipwa si kama ile ya Olimpiki. Mshindi hupangwa kabla, na kila pambano ni kipande cha hadithi ndefu yenye stelingi na adui, kama filamu. Maumivu mara nyingi ni ya kweli, damu nayo mara nyingi ni ya kweli, lakini ugomvi umetungwa. Mapromota wanachouza hasa ni hasira ya watazamaji. Mtu hulipa kiingilio leo, na wiki ijayo atalipa tena, kwa sababu anataka kumwona adui akipigwa. Kwa hiyo anayemudu kuchukiwa ni mali.

Enzi hizo njia ya haraka ya kumfanya mtu achukiwe ilikuwa kumpa taifa la kigeni. Walikuwapo Wajerumani wa bandia, Wajapani wa bandia na Warusi wa bandia. Farhat, mwenye sura ya Mashariki ya Kati, akapewa Uarabu. Akavishwa kilemba, joho, na viatu vyenye ncha zilizopinda juu kama vya kwenye picha za Alfu Lela Ulela. Akawa tajiri kutoka Syria, nchi ambayo hakuzaliwa na ambayo haikuwa ya wazazi wake. Hadharani hakusema neno la Kiingereza, lugha aliyozaliwa nayo. Alibwabwaja maneno yasiyo Kiarabu wala chochote. Msemaji wake alikuwa meneja aliyeitwa Abdullah Farouk, ambaye kwa jina la nyumbani alikuwa Ernie Roth, Myahudi wa jimbo la Ohio. Mkewe Joyce naye aliingia ulingoni kwa jina la Princess Saleema, akifukiza ubani.

Halafu ukaja mswala. Kabla ya pambano The Sheik aliutandika katikati ya ulingo, akapiga magoti, akasujudu, akachukua muda wake. Refa alisubiri, mpinzani alisubiri, na ukumbi mzima ukapiga kelele za kumtukana. Alipomaliza kusujudu alianza kazi yake, yaani kumchoma mpinzani usoni kwa penseli aliyoificha, kumkalia mgongoni na kumvuta kidevu hadi uti wa mgongo upinde, au kumrushia moto usoni kutoka mkononi. Moto huo ulikuwa kiinimacho cha karatasi maalumu, lakini uliwaka kweli. Paji la uso wake mwenyewe lilijaa makovu ya kukatwa mara nyingi mno hata likawa na mifereji.

Nataka msomaji atazame mpangilio huo. Kwanza sala, kisha penseli, kisha moto. Wiki baada ya wiki, mwaka baada ya mwaka, mbele ya maelfu ya watu na kamera za televisheni. Mwalimu yeyote atakwambia kwamba jambo likirudiwa namna hiyo mbele ya mtoto, halihitaji maelezo. Wengi wa watazamaji wale hawakuwa wamemwona Mwislamu hata mmoja akiswali maishani mwao. Somo la kwanza walilipata kwa Edward Farhat, na lilifundisha kwamba yule anayeinamisha kichwa chini anajiandaa kumwaga damu.

Kuna jambo la Lansing ambalo haliniachi. Katika miaka ya 1930 mtoto mwingine wa rika la Farhat alikuwa akikulia katika mji huohuo. Huyo aliitwa Malcolm Little, aliyezaliwa mwaka 1925, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Malcolm X. Mwezi Aprili 1964 Malcolm alikwenda Makka kuhiji, na mwaka huohuo alifika Dar es Salaam na Nairobi. Mwaka huohuo tena, mwezi Februari, bondia Cassius Clay alimshinda Sonny Liston na baada ya hapo akatangaza kwamba yeye ni Mwislamu. Na ni katika kipindi hichohicho ambapo Farhat alinunua biashara ya mieleka ya Detroit akawa bosi wake mwenyewe. Kwa hiyo Marekani ilikuwa na wanaume wawili mashuhuri waliosujudu kwa imani yao, wakachukiwa na wengi na kufuatiliwa na polisi, na ilikuwa na mmoja aliyesujudu kwa tiketi, akajaza ukumbi.

Na kweli aliujaza. Ukumbi wa Cobo mjini Detroit ulifurika kwa ajili yake katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hasimu wake mkubwa alikuwa Bobo Brazil, Mmarekani mweusi ambaye jina lake halisi lilikuwa Houston Harris, mmoja wa weusi wa kwanza kuwa stelingi wa mieleka nchini humo. Uhasimu wao uliendelea kwa miongo. Katika jiji lile, lililowaka moto katika ghasia za mwaka 1967, wazungu na weusi walikaa ukumbi mmoja wakimshangilia mtu mweusi. Hilo si dogo, na wanaosimulia historia ya mieleka wana haki ya kulisifu. Ila bei ya umoja ule ililipwa na mtu wa tatu, kwani weusi na wazungu waliungana kumzomea Mwarabu anayeswali. Na Detroit si mji uliokuwa mbali na Uislamu. Nation of Islam ilianzia pale mwaka 1930, na kando yake tu, katika mji wa Dearborn, kuna moja ya jumuiya kubwa za Waarabu katika Marekani yote. Watoto wa Dearborn walikwenda shule na wenzao waliokuwa wametazama The Sheik Jumamosi.

Mimi nilisomea ukimbizini, mkoani Kigoma, katika darasa ambalo nusu ya wenzangu walikuwa Waislamu. Ijumaa mchana madawati yalibaki matupu na mwalimu hakuanza somo jipya. Jioni tulikusanyika sote kwenye kibanda cha video, na mkanda wa mieleka ulipowekwa, yule Iron Sheik, mwanafunzi wa mtindo wa Farhat, alipotokea na kilemba chake, wenzangu wale wa Kiislamu walikuwa wa kwanza kupiga kelele apigwe. Hawakuona kwamba ni wao. Pengine ndiyo heri ya utoto. Lakini nimekuwa mwalimu kwa miaka mingi sasa, na nimeona jinsi darasa linavyoweza kufundishwa kumcheka mwenzao mmoja mpaka yeye mwenyewe akajiunga katika kicheko.

Wapo watakaosema kwamba dini haina nafasi kabisa ulingoni. Mimi sifiki huko. Majirani zetu wa Kinshasa wana mieleka yao, ambamo mpiganaji huingia na hirizi, huleta jeneza, hupuliza dawa, na mpinzani huanguka kabla hajaguswa. Mchungaji atakemea na mganga atacheka, lakini anayepigana na anayetazama wametoka mtaa mmoja, na wanajua wanachezea kitu gani. Ni chao. Wakikichoka watakiacha. Farhat alikichukua kilicho cha watu wengine, akakipeleka mahali ambapo wenyewe hawakuwa na sauti, akakigeuza king'ora cha hatari.

Tena tazama jinsi ulingo wenyewe ulivyojua tofauti. Mwezi Oktoba 1996, mjini Philadelphia, mwanamieleka aitwaye Raven na kundi lake walimfunga mwenzao, The Sandman, kwenye msalaba wa mbao na kumvika taji la seng'enge. Kurt Angle, aliyekuwa ametoka kushinda dhahabu ya Olimpiki mwaka huo na alikuwa mgeni ukumbini, alikasirika akaondoka. Usiku uleule Raven alirudishwa ulingoni kuwaomba radhi watazamaji. Msalaba uliombewa radhi ndani ya saa chache. Mswala ulitandikwa kwa zaidi ya miaka 30 na ukaendelea kulipa.

Haki itendeke kwa marehemu, hata hivyo. Farhat hakuwa mtu wa mzaha katika kazi yake. Katika ukumbi wa Maple Leaf Gardens, Toronto, alicheza zaidi ya mapambano 100 bila kushindwa, kuanzia mwaka 1969 hadi mwaka 1974 alipokutana na Andre the Giant. Nchini Japani, mwezi Desemba 1977, yeye na Abdullah the Butcher, ambaye naye alikuwa Mkanada aliyepewa Usudani wa bandia, walipambana na ndugu wawili, Terry na Dory Funk, na Terry akachomwa uma mkononi katika pambano ambalo Wajapani hawajalisahau. Vijana wengi waliofuata mtindo wa damu na moto walianzia kwake, na wawili kati yao, mpwa wake Sabu na Rob Van Dam, aliwafundisha mwenyewe.

Biashara yake haikuwa na mwisho mzuri. Kwa kuwa bosi na bingwa walikuwa mtu mmoja, bosi hakutaka bingwa ashindwe, na watu wakachoka kulipa ili waone jambo lilelile. Viwanda vya magari vya Detroit navyo vikayumba, na fedha mifukoni zikapungua. Mwaka 1980 milango ikafungwa. Yeye hakustaafu. Tarehe 6 Mei 1992, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 65, aliingia na Sabu katika ulingo mmoja nchini Japani ambao kamba zake zilikuwa zimeondolewa na kuwekwa seng'enge na moto. Moto ulishinda waandaaji. Wapiganaji walikimbia baada ya dakika chache, na mzee akaungua vibaya. Alipopona, akarudi tena kupigana.

Alifariki huko Michigan tarehe 18 Januari 2003. Hadi uzeeni alikuwa amelinda siri ya uhusika wake kuliko karibu mtu yeyote wa fani hiyo. Kampuni ya WWE ilimwingiza katika orodha yake ya watu mashuhuri mwaka 2007, akitambulishwa na wanafunzi wake hao wawili. Sabu naye amefariki, mwezi Mei 2025.

Kufariki kwake hakukuufunga mswala. Mwishoni mwa mwaka 2004 WWE ilimleta Muhammad Hassan, Mwarabu wa Marekani anayelalamika kwamba tangu Septemba 11 wenzake wanamtazama kama gaidi. Lalamiko lilikuwa la haki kabisa, ila walilitia kinywani mwa adui ili lizomewe. Mwenye uhusika huo alikuwa Mark Copani, mtu mwenye asili ya Italia. Katika kipindi kilichorekodiwa tarehe 4 Julai 2005, Hassan alipiga magoti kana kwamba anaomba dua, na wanaume waliofunika nyuso wakatokea kumnyonga The Undertaker. Kipindi kilirushwa Marekani tarehe 7 Julai, siku ambayo mabomu yaliua watu 52 mjini London. Kituo cha televisheni kikakataa kumwonyesha tena, na kabla ya mwezi kwisha uhusika ule ukazikwa. Copani aliacha mieleka, akaingia ualimu, akawa mkuu wa shule. Mwalimu mwenzangu huyo ningependa kujua anawaambia nini wanafunzi wake wanapoikuta picha ile.

Siku hizi yupo Sami Zayn, Mkanada mwenye wazazi kutoka Syria, ile nchi ambayo Farhat alijipachika. Huyu ni Mwislamu kweli. Alianza akiwa na kinyago cha Kimeksiko, na baadaye alipokivua hakupewa kilemba wala mswala. Mwezi Mei 2023 aliingia ulingoni Jeddah, akawasalimia watazamaji kwa Kiarabu, Kiarabu halisi, na ukumbi ukalipuka kwa furaha. Kisha akapigana, akashinda.