Rumanyika wa Karagwe na Kitabu cha Mgeni Wake

Twawasimulia maisha ya Rumanyika, Mukama wa Karagwe, ambaye wazee wetu wa Karagwe na Kyerwa hawajamsahau.

Rumanyika alikuwa mwana wa Mukama Ndagara. Baba yake alipofariki, ndugu yake Rogero aligombania kiti naye, vita vikatokea. Rumanyika alishinda kwa msaada wa wafanya biashara waliotoka pwani kutafuta pembe za ndovu, akatawala akikaa Bweranyange.

Mwezi wa Novemba 1861 walifika kwake Waingereza wawili, John Speke na James Grant, wakitafuta chimbuko la mto Nile. Aliwasalimu kwa Kiswahili kizuri, akawakaribisha kwa ukarimu. Speke aliendelea kwenda Buganda Januari 1862, bali Grant, aliyeugua mguu, alitunzwa hapo miezi mingine. Rumanyika alipenda kuuliza. Alitaka kujua kama jua la leo ndilo lile la jana, au kila siku huzuka jipya. Mwaka 1876 alimpokea Henry Stanley pia, aliyefika hata kwenye maji moto ya Mtagata, ambayo sasa yamo katika wilaya ya Kyerwa. Miaka michache baadaye Rumanyika alifariki.

Speke alichapa kitabu chake mwaka 1863, na watu wengi hujifunza habari za Rumanyika humo. Nasi twasema, kisomwe, lakini kwa akili iliyo macho. Msomaji na apambanue mambo matatu. La kwanza ni yale Speke aliyoyaona kwa macho yake, kama mfalme na jumba lake. La pili ni yale aliyosimuliwa, kama hadithi kwamba Rumanyika alipojaribiwa kwa ajili ya ufalme, ardhi ilimwinua hata mbinguni. La tatu ni mawazo yake mwenyewe. Alidhani kwamba wafalme wafugaji wa nchi hizi ni kizazi cha Wahabeshi, tena ni bora kuliko wakulima. Wala hakupata neno hili kwa Rumanyika. Ni yeye mgeni aliyemfundisha mwenyeji asili ya ukoo wake!

Waandishi waliofuata walirudia dhana hiyo kana kwamba imekwisha kuthibitishwa, ikaingia hata mashuleni. Katika Rwanda ilikuzwa mpaka Watutsi wakaitwa wageni katika nchi yao wenyewe. Hatusemi kwamba kitabu kimoja kilileta mauaji ya mwaka 1994, maana sababu zilikuwa nyingi. Hata hivyo uongo huo ulikuwa silaha mikononi mwa wauaji. Mwaka ule makundi ya wakimbizi yaliingia Karagwe, na sharika zetu ziliyaona machozi yao.

Basi, ndugu, yatupasa kusoma kama Waberoya, ambao waliyachunguza Maandiko kila siku wapate kujua kama maneno ya Paulo ndivyo yalivyo. Ikiwa mtume alipimwa, je, msafiri asipimwe? Usomapo, shika kalamu na daftari. Andika: Mwandishi amejuaje neno hili? Nani angelikana? Kisha nenda kwa wazee ukaulize, na kitabu kingine ukilinganishe. Rumanyika aliuliza habari za jua bila aibu mbele ya wageni. Nasi tusione haya kukiuliza kitabu.

Bwana atujalie macho ya kusoma na moyo wa kupambanua.