Odera Oruka: Msomi aliyewarudia wazee kuuliza maana ya kuishi vyema

KATIKA mtaa wa Kahawa Wendani, ambako wanafunzi wengi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta wamepanga vyumba, wanaosomea falsafa hukutana mapema na majina ya Cicero, Seneca na Epictetus, wanafalsafa wa Roma ya kale waliofundisha kuhusu wema, wajibu na namna ya kuishi vyema. Baadaye hukutana na jina la Mkenya aliyeyauliza maswali hayo hayo vijijini mwao: marehemu Profesa Henry Odera Oruka.

Ikumbukwe kuwa Epictetus alikuwa mtumwa kabla ya kuwa mwalimu. Hakuandika kitabu hata kimoja. Mwanafunzi wake, Arrian, ndiye aliyeyanakili mafunzo yake. Lau si kalamu hiyo, hekima ya mtumwa huyo ingalizikwa pamoja naye. Kazi aliyoifanya Arrian ndiyo Oruka aliyoifanyia Kenya.

Oruka alizaliwa mwaka 1944 huko Ugenya, Siaya. Alikwenda Uswidi kusomea sayansi katika Chuo Kikuu cha Uppsala, lakini akavutiwa na falsafa na kulelewa kitaaluma na Profesa Ingemar Hedenius. Aidha, alisoma katika Chuo Kikuu cha Wayne State, Marekani. Mwaka 1970 alirejea nyumbani na kuanza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi.

Siku hizo, wasomi kadhaa wa Ulaya walishikilia kwamba Mwafrika hakuwa na falsafa. Wengine waliompa falsafa walidai kuwa ilikuwa ya kabila zima, kana kwamba kijiji chote kiliwaza kwa kichwa kimoja. Oruka alizikataa kauli zote mbili. Hata hivyo, alifahamu kuwa ubishi wa maneno matupu usingetosha. Ushahidi ulihitajika.

Kuanzia mwaka 1974, yeye na wenzake waliwaendea wazee waliosifika kwa busara katika jamii mbalimbali za Kenya. Waliwauliza kuhusu Mungu, kifo, haki, uhuru na usawa, kisha wakawapinga kwa makusudi ili kuona kama wangeweza kuitetea hoja.

Hapo ndipo Oruka alipowagawa wazee hao katika makundi mawili. Wapo waliozifahamu mila na kuzisimulia barabara, lakini wakakwama walipoulizwa sababu. Wapo pia waliozipima mila za jamii zao wenyewe kwa akili, wakakubali hili na kulikosoa lile. Hawa wa pili ndio aliowaita wanafalsafa. Miongoni mwa waliohojiwa ni Paul Mbuya Akoko na Oruka Rang'inya, baba yake mzazi. Matunda ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 1990 katika kitabu Sage Philosophy.

Msomi huyo hakujifungia chuoni. Mwaka 1987, kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno ilipoligawanya taifa kati ya haki za mjane na za ukoo, alipanda kizimbani kama shahidi wa upande wa ukoo kueleza desturi za Waluo. Wapo waliomlaumu na wapo waliompongeza.

Kuhusu wajibu, alikwenda mbali kuliko Warumi. Cicero, katika kitabu chake kuhusu wajibu cha mwaka 44 kabla ya Kristo, aliona kwamba mgeni usiyemjua hustahili msaada usiokugharimu: maji ya mtoni, moto wa kuwashia moto wake, ushauri mwema. Oruka alipinga ubahili wa aina hiyo. Kwake yeye, usalama wa mwili, afya na riziki ni haki ya chini kabisa ya kila binadamu, popote azaliwapo. Anayenyimwa hayo hawezi kuitumia haki nyingine yoyote, wala hawezi kudaiwa kuheshimu za wenzake. Kwa hivyo, tajiri anapomsaidia mwenye njaa wa nchi ya mbali hafanyi hisani, bali hutimiza wajibu.

Mwaka 1991 aliongoza maandalizi ya kongamano la kimataifa la falsafa jijini Nairobi, na wanafalsafa wa dunia wakaja kusikiliza hoja zilizotoka vijijini mwa Kenya.

Oruka aliaga dunia Desemba 9, 1995, baada ya kugongwa na gari jijini Nairobi. Alikuwa na umri wa miaka 51.

Wengi wa wazee aliowahoji wamekwisha kuzikwa, na fikira zao zimebaki kwa sababu mtu aliwauliza na kuandika. Mwanafunzi anayeondoka Kahawa Wendani kwenda likizoni kijijini huenda anamwacha Seneca mezani, na kumkuta nyumbani babu ambaye hajawahi kuulizwa chochote. Oruka angemshauri aketi naye, aulize na asichoke kumbishia kwa adabu, maana mzee huyo hatakuwepo milele.