Kondoo wa Delamere Waliokosa Hamu ya Kula

Sisi tunaofundisha isimu hupenda kulifuata neno hadi lilikozaliwa. Katika vitabu vya maradhi ya mifugo limo neno nakuruitisi, lililotokana na jina la mji wetu wa Nakuru. Kiishio chake ni cha Kigiriki, na madaktari hukitumia kutaja uvimbe. Lakini ugonjwa wenyewe hauna uvimbe. Mnyama hukataa malisho tu, hukonda, kisha hufa ilhali nyasi zinamfika magotini. Kwa maoni yangu, jina hilo halikustahili kubatizwa hivyo.

Miongoni mwa waliopata hasara mapema katika nchi hiyo ni Hugh Cholmondeley, yaani Lord Delamere wa tatu. Alizaliwa Uingereza mwaka 1870, akafika nyanda zetu za juu mwaka 1897 kwa msafara wa ngamia kutoka Somalia. Baadaye serikali ya kikoloni ilimkodishia ekari zipatazo 100,000 huko Njoro kwa miaka 99. Mwaka 1904 aliagiza kondoo majike 500 wa merino kutoka New Zealand. Haukupita muda mrefu, wanne katika kila watano wakawa wamekufa.

Maradhi yalikuwa mengi, lakini ardhi nayo ilipungukiwa na madini. Yasemekana wachungaji wa Kimaasai walikuwa wakiyaepuka malisho hayo siku zote. Ajabu ni kwamba Delamere alisuhubiana sana na Wamaasai. Mwaka huohuo wa 1904, mkataba uliwaondoa wengi wao katika Bonde la Ufa ili walowezi wapewe nafasi, na ujuzi wao wa nyasi ukaondoka nao. Yeye alihamishia mifugo iliyosalia Soysambu, karibu na Ziwa Elmenteita, akageukia ngano, nayo ikashambuliwa na kutu.

Hamu ya kula, msomaji wangu, haikai mdomoni. Homoni kama leptini, iliyotambuliwa mwaka 1994, na ghrelini, mwaka 1999, huupasha ubongo habari za shibe na njaa. Kwa wanyama wanaocheua kuna jambo jingine. Vijidudu vya tumbo la kwanza hutumia kobalti kutengeneza vitamini B12. Kobalti ikikosekana, ini hushindwa kutumia asidi ya propioni itokanayo na nyasi zilizochachuka tumboni, asidi hiyo hurundikana, na mnyama huacha kula. Kwa hiyo njaa yake haitokani na uhaba wa majani.

Delamere alifariki Novemba 1931, akiacha madeni ya karibu pauni 500,000. Ni mwaka 1935 tu ambapo watafiti wa Australia walionyesha kwamba kobalti ndiyo iliyokuwa ikikosekana katika maradhi ya namna hii, na mwaka 1948 vitamini B12 ikapatikana ikiwa safi, kobalti imo ndani yake. Siku hizi mfugaji wa Njoro huweza kununua dukani chumvi ya mifugo iliyotiwa kobalti, akawawekea ng'ombe wake walambe.