JOSEPH FRAUNHOFER, YATIMA ALIYEPIMA MWANGA

Katika somo la kemia tukitia chumvi kidogo ndani ya moto, ule moto unageuka manjano. Juu ya nini? Jibu linaanza na maisha ya yatima mmoja.

Joseph Fraunhofer alizaliwa tarehe 6 Machi 1787 kule Straubing, Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi wa vioo. Joseph alipofika miaka 11, wazazi wote wawili walikuwa wamekwisha kufa. Akatumwa München kujifunza kazi ya vioo. Bwana wake hakupenda asome, lakini kijana alikuwa na njaa ya vitabu.

Tarehe 21 Julai 1801 nyumba ya yule bwana ikaanguka, Joseph akafunikwa ndani. Watu wakachimba, hata mtawala wa nchi, Maximilian Joseph, akafika. Kijana akatoka mzima! Mtawala akampa feza. Yeye hakuzila bure: akanunua mashine ya kazi ya vioo, kiisha akajikomboa kwa bwana wake.

Mwaka 1806 akaingia kiwanda cha vyombo vya kupimia. Mwaka 1814 akapitisha mwanga wa jua katika prizma. Rangi za upinde wa mvua zikatokea, lakini kati yao kulikuwa mistari myeusi mingi. Akahesabu zaidi ya 500, na ile mikubwa akaipa herufi. Akaona tena kwamba mstari wa manjano wa moto wa taa unakaa pahali palepale pa mstari mweusi D wa jua. Maana yake hakuijua. Lakini alipima, akaandika.

Alikufa kwa kifua kikuu tarehe 7 Juni 1826, akiwa na miaka 39.

Mwaka 1859, kule Heidelberg, Kirchhoff na Bunsen wakafumbua ile siri: kila elementi ina mistari yake, sawa na alama ya kidole ya mtu. Mstari D ni wa sodiumu, ile ya chumvi. Katika moto inatoa manjano. Kule juani mvuke wake unameza rangi ileile, njo maana tunaona weusi. Kwa njia hiyo wakavumbua seziumu mwaka 1860 na rubidiumu mwaka 1861.

Basi rafiki, ukiona katika laboratwari kitu usichokifahamu, usikifute katika daftari. Kipime, kiandike vizuri. Mwenye kukifasiria atakuja nyuma, na pengine ni wewe mwenyewe.