Edward Jenner, Tabibu Aliyesikiliza Wakamaji wa Ng'ombe

Katika bweni letu sisi wakubwa tuna mchezo mmoja kabla ya taa kuzimwa. Kila mtu hutoa jambo moja la ajabu lakini la kweli, na asiyeweza kulithibitisha huwatandikia wenzake vitanda asubuhi. Muhula uliopita nilisema ya kwamba neno la Kiingereza la chanjo limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya ng'ombe. Wenzangu wakacheka sana, wakasema Mnyankole hawezi kusema neno lolote bila kulipitisha zizini. Basi nikaenda maktabani kutafuta ushahidi, nikasoma maisha ya Edward Jenner hata kengele ya chakula ikalia nisiisikie.

Jenner alizaliwa tarehe 17 Mei, 1749, katika mji mdogo wa Berkeley, magharibi ya Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi wa mahali pale. Alipokuwa na umri wa miaka mitano wazazi wake wote wawili walikufa, akalelewa na ndugu zake wakubwa. Siku zile ndui iliogopwa kupita maradhi mengine. Katika watu kumi walioshikwa nayo, hata watatu walikufa. Waliopona walibaki na makovu usoni, na wengine wakapofuka.

Palikuwa na kinga moja, nayo ilikuwa ya hatari. Watu walichukua usaha wa mgonjwa wa ndui wakautia katika chale mkononi mwa mtu mwenye afya, ili apate ndui ndogo asipate kubwa. Desturi hiyo ilijulikana Asia na Afrika kabla ya kufika Uingereza. Lakini mara nyingine ndui ile ndogo iligeuka kubwa, mtu akafa, ama akawaambukiza jirani zake. Jenner mwenyewe alichanjwa hivyo akiwa na umri wa miaka minane. Kwanza alipunguziwa chakula na kutolewa damu, kisha akafungiwa katika banda la farasi pamoja na watoto wengine mpaka ugonjwa upite.

Alipokuwa kijana alifundishwa kazi na mpasuaji mmoja wa Chipping Sodbury, na katika mwaka wa 1770 akaenda London kwa mpasuaji mashuhuri John Hunter. Huyu alimfundisha kwamba jambo likiweza kujaribiwa, lisiachwe katika mawazo tu. Jenner alisaidia kupanga mimea na vitu vingine vilivyoletwa kutoka safari ya kwanza ya Kapteni James Cook, akaalikwa kwenda katika safari ya pili. Akakataa. Mwaka 1772 alirudi kwao Berkeley kutibu watu wa mashamba.

Msidhani kwamba alikwenda kulala usingizi. Alipima joto la kalunguyeye walalao wakati wote wa baridi. Mwaka 1784, mwaka mmoja tu baada ya Wafaransa kurusha mtu angani kwa puto, yeye alirusha puto lake lililojazwa haidrojeni kutoka katika ngome ya Berkeley. Inasimuliwa kwamba lilianguka katika shamba la jamaa ya Kingscote, na baadaye alimwoa Catherine, binti wa jamaa hiyo.

Tena alimchunguza kekeo, ndege anayetaga katika viota vya ndege wengine. Watu walidhani kekeo mkubwa ndiye anayewatupa nje makinda wa mwenye kiota. Jenner alikaa akaangalia, akaona ni kinda la kekeo lenyewe, halijafumbua macho bado, likiyabeba mayai katika kishimo cha mgongo wake na kuyasukuma nje. Aliandika habari hiyo mwaka 1788. Wengi hawakumsadiki, lakini katika karne ya 20 picha zilionyesha kwamba alisema kweli.

Sasa nifike kwenye ng'ombe. Kwetu Ankole kazi ya kukama tangu zamani ni ya wanaume, lakini katika nchi ya Jenner ilikuwa ya wasichana. Wasichana hao walikuwa na msemo wao kwamba aliyepata vipele vya ng'ombe mikononi hapati ndui. Matabibu wengi waliyaona hayo maneno ya wajinga. Mkulima mmoja, Benjamin Jesty, aliyaamini, na mwaka 1774 akamchanja mkewe na wanawe wawili kwa usaha wa ng'ombe, wakapona, lakini jirani zake wakamdhihaki. Kwa hiyo si kweli kwamba Jenner alikuwa wa kwanza. Kazi yake ilikuwa kujaribu, kuandika kila alichokiona, na kuwaonyesha watu wote.

Tarehe 14 Mei, 1796, alichukua usaha katika mkono wa mkamaji Sarah Nelmes, ambaye aliambukizwa na ng'ombe aitwaye Blossom. Akautia katika mkono wa James Phipps, mwana wa mtunza bustani wake, mtoto wa miaka minane. James akapata homa ndogo, akapona. Tarehe 1 Julai Jenner akamtia ndui yenyewe. Haikumshika.

Hapa niliweka kitabu chini. Umri wa James ulikuwa ule ule wa Jenner alipofungiwa katika banda la farasi. Kama maneno ya wakamaji yangekuwa uongo, mtoto wa mtu maskini angeweza kufa kwa mkono wa tajiri wa baba yake. Ni kweli kwamba kutiwa ndui lilikuwa jambo la kawaida siku zile, hata hivyo leo hakuna daktari angeruhusiwa kufanya vile, nami naona ni haki. Jenner alimpa James nyumba ya kukaa bila kodi alipokuwa mtu mzima, lakini nadhani deni letu kwa mtoto yule ni kubwa kuliko nyumba.

Chama cha wataalamu cha London hakikukubali kuchapisha habari zake, basi mwaka 1798 akazichapa mwenyewe. Wengine walichora picha za kumdhihaki, zenye watu waliochanjwa wakiota ng'ombe mwilini. Hata hivyo chanjo ilienea upesi. Mwaka 1803 meli ilitoka Hispania na watoto 22 mayatima. Walichanjwa wawili wawili, mmoja baada ya mwingine, ili dawa ifike Marekani ya Kusini ikiwa hai katika mikono yao. Napoleon, ijapokuwa alipigana na Waingereza, aliwachanja askari wake, na Jenner alipomwandikia aliwaachilia wafungwa Waingereza. Jenner hakuificha siri yake ili apate mali. Aliwachanja maskini bure katika kibanda cha bustani yake. Akafa tarehe 26 Januari, 1823. Ngozi ya ng'ombe Blossom ingali inatunzwa katika chuo cha udaktari huko London.

Mtu wa mwisho kushikwa na ndui kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu wa Afrika ya Mashariki, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca, Somalia, mwaka 1977. Alikuwa ameogopa uchungu wa sindano. Alipona, na miaka mingi baadaye alikuwa akizunguka kuwahimiza wazazi wawapeleke watoto wao kuchanjwa ugonjwa wa kupooza. Mwaka 1980 ilitangazwa kwamba ndui imekwisha duniani.

Likizoni nilimweleza bibi yangu habari hizi. Yeye hakucheka. Alipandisha mkono wa gauni lake akanionyesha kovu la mviringo. Alichanjwa akiwa msichana mdogo, majuma machache baada ya kaka yake kuzikwa kwa ndui. Chanjo ilikuwa imechelewa kufika kijijini kwao. Jina la kaka yake sikupata kulisikia kabla ya siku ile.

Katika mchezo wetu nilishinda, wala sikutandika kitanda cha mtu. Habari ya kaka yake bibi sikuitoa bwenini, maana si ya mchezo. Lakini nawaomba ninyi wazee wetu mliosoma hapa zamani, mtazame mikono yenu. Makovu yetu sisi vijana ni ya chanjo ya kifua kikuu. Yenu wengine ni ya ndui, na ninyi ndio wa mwisho kuwa nayo. Tuandikieni katika ukurasa huu mnayoyakumbuka.