JBS Haldane: Msee Hakuhitimu Sayansi Chuoni, Lakini Alitupea Stori ya Supu Yenye Ilipika Uhai

Hebu cheki hiyo mayai boilo na kachumbari umeshika. Protini yenye iko ndani imeundwa na vitu vidogo sana vinaitwa asidi amino. Misuli yako, nywele zako, kucha zako, zote ni asidi amino zimeungwa moja kwa moja kama shanga. Sasa swali ni hili: shanga za kwanza kabisa zilitoka wapi, kabla kuwe na kuku, kabla kuwe na nyasi, kabla hata kuwe na bakteria mmoja hapa duniani?

Kuna jamaa alikaa chini 1929 akaandika jibu lenye wanasayansi wanalibishania mpaka leo. Jina lake ni John Burdon Sanderson Haldane, lakini wengi walimwita tu JBS. Na manze, maisha ya huyu msee yalikuwa muvi.

Alilelewa na gesi

JBS alizaliwa Oxford, Uingereza, tarehe 5 Novemba 1892. Usianze kumwita hasla wa mtaa, hao walikuwa watu wa jina na pesa. Lakini buda yake, John Scott Haldane, hakuwa profesa wa kukaa ofisini akingoja chai. Kazi yake ilikuwa kuchunguza hewa yenye inamaliza watu: kwa migodi, kwa mitaro ya maji taka, chini ya bahari. Ni yeye aliwashauri watu wa migodi wabebe panya ama ndege wadogo. Kandege kakianguka, wewe usiulize maswali, toka mbio.

Kijana naye alikuwa anabebwa job. Siku moja mzee akamwingiza ndani ya mgodi, mahali methani ilikuwa imejaa huko juu karibu na paa. Akamwambia asimame wima arudie hotuba moja ndefu ya Shakespeare kwa sauti. Mtoi hakufika mbali. Pumzi ikakata, magoti yakalegea, akaanguka. Huko chini hewa ilikuwa fiti, akapumua akapata fahamu. Somo likaingia bila ubao: methani ni nyepesi kuliko hewa, kwa hivyo inapanda. Shika hiyo methani kwa akili, bado inarudi kwa hii stori.

Shule alipelekwa Eton, ile ya watoto wa wadosi, na miaka ya kwanza wanafunzi wakubwa walimchapa vibaya sana. Oxford alianza na hesabu, halafu akaruka kwa vitabu vya Wagiriki na Warumi wa kale. Kote alipata maksi za juu, akamaliza 1914. Masomo yake ya kuhitimu yaliishia hapo. Msee mwenye angekuja kuwa profesa wa jenetiki hakuwahi kuchukua digrii ya darasani ya sayansi.

Mwili wake ndio ulikuwa maabara

Mwaka huo huo vita vya kwanza vya dunia vikaanza, JBS akaingia jeshi. Aprili 1915 Wajerumani wakaachilia gesi ya klorini kule Ypres, Ubelgiji, na wanajeshi wakaanguka kama nzi. Serikali ikaita mzee Haldane atafute dawa ya hiyo balaa, naye mzee akaita kijana wake atoke msitari wa mbele. Waliingia kwa chumba kidogo chenye klorini wakapumua, na maski na bila maski, ndio wajue mtu anaweza kustahimili mpaka wapi. Baadaye JBS aliumia Ufaransa, akaumia tena kule Iraki, akapelekwa India apone. Akaipenda hiyo nchi. Kumbuka hilo pia.

Vita vikiisha alirudi Oxford kufunza, na 1923 akahamia Cambridge kwa kemia ya viumbe. Alitaka kujua damu ikiwa na asidi mingi mwili unafanya nini. Wengine wangetafuta sungura. Yeye alikunywa asidi haidrokloriki yenye imetiwa maji. Ilipokosa kumpea jibu lenye alitaka, akahamia chumvi ya amonia, akabaki anahema kama mtu ametoka kukimbizana na kanjo.

Udaku pia haukukosa. Alipendana na mwanahabari anaitwa Charlotte Burghes, na huyo mama alikuwa bibi ya mtu. Talaka ikafika kortini 1925, Cambridge ikamfuta kazi. JBS akakata rufaa, akashinda, akarudishiwa kiti chake, na 1926 wakaoana.

Sasa tuingie kwa supu

Mwaka 1929 JBS aliandika makala fupi kuhusu asili ya uhai kwa jarida linaitwa The Rationalist Annual. Shida yenye alikuwa anatatua ilikuwa hivi. Karne iliyotangulia Louis Pasteur alikuwa ameonyesha kwamba supu ikichemshwa vizuri na isiingiliwe na vijidudu kutoka nje, haizai uhai yenyewe. Uhai unatoka kwa uhai. Sawa, lakini wa kwanza ulitoka wapi?

JBS akasema tunakosea kuangalia dunia ya leo. Dunia changa ilikuwa mtaa mwingine kabisa. Hewa yake haikuwa na oksijeni ya maana. Ilikuwa na hewa ukaa, amonia na mvuke wa maji. Na kwa sababu bila oksijeni hakuna tabaka la ozoni, miale mikali ya jua, ile ya urujuanimno, ilikuwa inashuka moja kwa moja bila kizuizi. Hiyo miale ikigonga hizo gesi, inavunja na kuunganisha upya, na kutoka hapo zinatokea sukari na vitu vingine vyenye protini inajengwa navyo.

Sasa jiulize kwa nini hiyo haitokei leo pale ufuoni. Fikiria sufuria ya supu yenye umeacha wazi usiku. Asubuhi imechacha, juu vijidudu vimeifikia kabla yako. Leo chochote kitamu kikijitengeneza baharini kitaliwa, ama oksijeni itakiharibu. Lakini wakati ule hakukuwa na mlaji, na hakukuwa na oksijeni. Vitu vikazidi kujirundika kwa bahari miaka mamilioni, mpaka bahari ikawa kama supu moto, nyepesi. Ndani ya hiyo supu ndio molekuli za kwanza zenye zinaweza kujinakili zikapata nafasi.

Huoni venye hiyo ni akili ya mtoto aliyekua ndani ya gesi? Wengine waliona hewa kama kitu tu kiko hapo. Yeye alijua kutoka utotoni kwamba ukibadilisha hewa umebadilisha kila kitu, nani anaishi na nani anaanguka.

Hakuwa peke yake. Moscow, mkemia Alexander Oparin alikuwa ametoa kijitabu 1924 chenye wazo la karibu sana. Kilikuwa kwa Kirusi, na JBS alifikia lake bila kujua. Ndio maana vitabu vinaandika majina yote mawili pamoja, Oparin na Haldane.

Kijana wa Chicago anawasha stima

Stori tamu bila ushahidi ni stori tu. JBS hakuwahi kupika hiyo supu. Kazi hiyo ilifanywa 1952, Chuo Kikuu cha Chicago, na mwanafunzi anaitwa Stanley Miller, chini ya profesa Harold Urey. Miller alichukua chupa za glasi zenye zimeunganishwa na mirija. Chupa moja ilikuwa na maji yanachemka, kama bahari. Nyingine ilikuwa na gesi: methani, amonia na haidrojeni. Ndio, methani ile ya mgodini. Badala ya jua, alitumia cheche za stima, kama radi.

Baada ya siku moja maji yakawa ya pinki. Baada ya wiki yalikuwa mekundu. Alipopima akakuta asidi amino, ikiwemo glisini, yenye ni ndogo kuliko zote. Ripoti ilitoka Mei 1953, Miller akiwa na miaka 23 tu. Miaka mingi baadaye, Miller akiwa ameshaaga, watafiti walifungua chupa zake kuukuu na kuzipima na mashine za kisasa. Mwaka 2008 waliripoti asidi amino 22 kutoka kwa jaribio lake moja lenye hakuwa amelitangaza vizuri.

Usidhani kesi imefungwa. Leo wengi wanaamini hewa ya zamani ilikuwa zaidi hewa ukaa na naitrojeni, si ile ya Miller. Wengine wanasema mambo yalianzia kwa chemchemi za moto chini kabisa ya bahari. Halafu kuna mawe kutoka juu: kimondo chenye kilianguka Murchison, Australia, 1969, kilikuwa na asidi amino ndani, na udongo wa asteroidi Bennu wenye uliletwa duniani 2023 ulikuwa nazo 14 kati ya zile 20 zenye uhai hutumia. Matofali yanaweza kujitengeneza, hiyo imeonekana. Kutoka tofali mpaka nyumba, yaani seli hai, hakuna maabara imewahi kufika.

Mahali aliteleza

Mwaka 1933 JBS akawa profesa London. Juni 1939 nyambizi ya Uingereza inaitwa Thetis ikazama na watu 99 wakafa. JBS akajifungia kwa tangi la chuma na wenzake, wakapandisha shinikizo, ndio wajue mabaharia wanaweza kuokolewaje. Alipata degedege, uti wa mgongo ukaumia, ngoma za masikio zikapasuka. Alikuwa anatania kwamba akivuta sigara moshi unaweza kutokea sikioni.

Lakini huyo jamaa jasiri aliogopa kitu kimoja: kupinga chama chake. Alikuwa Mkomunisti sugu. Kule Urusi mtu anaitwa Lysenko alikuwa anauza sayansi fake ya mimea, na kwa sababu Stalin alimpenda, wenye walimpinga walifungwa. Mmoja wao ni Nikolai Vavilov, mtaalamu wa mbegu mwenye alimkaribisha JBS Urusi 1928. Vavilov alifia jela 1943. JBS, mtaalamu wa jenetiki mwenye alijua ukweli, alizunguka zunguka na maneno miaka kadhaa badala ya kusema wazi Lysenko ni feki. Karibu 1950 ndio akatoka chamani, kimya kimya. Mtu mwenye alikunywa asidi ndio ajue ukweli alishindwa kusema sentensi moja.

Deni letu kwake

Hata sisi hapa Kenya tumeguswa na kichwa cha huyu msee. Mwaka 1949 alipendekeza kwamba magonjwa fulani ya damu ya kurithi hayaishi kwa watu juu mwenye amebeba jini moja tu anakingwa dhidi ya malaria. Daktari Anthony Allison, mwenye alikulia hapa Kenya, alikuwa amepima damu za watu akaona jini la selimundu, ile wengi huita sikoseli, limejaa Pwani na karibu na Ziwa Victoria, na ni adimu kwa nyanda za juu. Mwaka 1954 alionyesha kwamba kweli linakinga dhidi ya malaria.

Mwaka 1957 JBS alihamia India na mke wake wa pili, Helen Spurway, akiwa amekasirishwa na Uingereza kuvamia Suez. Akavaa nguo za Kihindi, akachukua uraia wa huko.

Mwaka 1963 alikutana na Oparin kwa mkutano kule Florida. Hapo angeweza kupigania jina. Badala yake alisema mbele ya watu kwamba Oparin ndiye alitangulia. Kansa ilikuwa inakuja. Alipojua ako nayo aliandika shairi la kuchekesha kuihusu, akarekodi tanzia yake mwenyewe kwa BBC, na tarehe 1 Desemba 1964 akaaga huko Bhubaneswar. Mwili wake, maabara yake ya kwanza, aliuachia wanafunzi wa udaktari wa chuo cha Kakinada wajifunze nao.

Basi siku mtu atakuambia huwezi kuuliza swali kubwa juu huna karatasi, mpigie stori ya JBS. Lakini umpigie yote, na ile ya Lysenko usiruke.